Mbwa anachimba chini ya lango na amemngurumia mwanangu: naomba ushauri kabla hatujamtoa

Mama Achieng, Kisumu

Habari zenu wanajukwaa. Mimi na familia yangu tunaishi Mamboleo, na kwa mwaka mmoja na nusu tumemfuga mbwa dume anayeitwa Simba. Mume wangu alimleta akiwa na miezi minne, baada ya wezi kuruka ukuta wa jirani, na tangu siku hiyo kazi yake imekuwa kulinda boma. Mchana hufungwa kwa mnyororo kwenye kibanda chake nyuma ya nyumba, na saa tatu usiku, lango likishafungwa, tunamfungulia azunguke uani hadi alfajiri. Chakula hakosi, kwa maana kila jioni hupikiwa ugali na omena, au utumbo kutoka buchari.

Tangu mvua za masika zianze amebadilika. Anabweka mchana bila kuona mtu, na mpangaji wa jirani anayefanya kazi ya usiku amekuja kulalamika mara mbili. Ametafuna ndoo, ndara na kamba ya kuanikia nguo. Akifunguliwa, anachimba chini ya lango, na wiki iliyopita nilimkuta kucha mbili za mguu wa mbele zikitoka damu. Juzi kijana wangu wa miaka tisa alipompelekea chakula, Simba alijibanza ndani ya kibanda, akanguruma na kumwonyesha meno. Mume wangu alimchapa, naye akalaza masikio na kukwepesha macho kama mtu anayejua alichokosea, lakini kesho yake akarudia yale yale.

Mume wangu anasema tumpe mtu wa mashambani au tununue mnyororo mfupi zaidi. Mimi moyo unakataa, kwa sababu hadi leo nikimwita jina lake anatikisika mwili mzima, kuanzia mkia hadi mabega. Tumekosea wapi?

Mfugaji wa Kiamunyi, Nakuru

Pole, Mama Achieng. Kabla sijasema neno naomba unijibu mambo matatu. Kibanda chake kimejengwa kwa nini? Kubweka huanza saa ngapi? Na ukihesabu saa zote za siku, ni dakika ngapi ambazo mtu huketi naye bila kumpa amri na bila kumkaripia?

Mama Achieng, Kisumu

Kibanda ni mabati matupu, paa na kuta. Kubweka huanza mnamo saa nane mchana, mara nyingi mawingu yanapojikusanya upande wa vilima vya Nandi. Swali la tatu limenichoma, kwa kuwa nimehesabu na sikufikisha hata dakika tano.

Mfugaji wa Kiamunyi, Nakuru

Ahsante kwa kusema kweli, maana jibu lako lina karibu kila kitu tunachohitaji. Jaribu kuingia katika kile kibanda kwa fikra. Mbwa hujifunza dalili za mvua ya radi, kwa hiyo wewe unapoona mawingu tu, yeye huenda ameshaanza kuogopa. Baada ya muda mvua inaanza kupiga mabati yaliyo kiganja kimoja juu ya kichwa chake, pengine ni mvua ya mawe, naye amefungwa hapo hapo kwenye kelele, hawezi kukimbia wala hana wa kumkimbilia. Usiku anapofunguliwa anachimba chini ya lango kwa sababu ndipo mahali pekee anapoona pana njia ya kutoka. Kucha zinazotoka damu ni za mbwa aliyejawa na hofu, na ukimfunga kwa mnyororo mfupi zaidi utakuwa umemzidishia kile kile kinachomtesa.

Kuhusu kumngurumia mtoto, nakuomba sana msimchape kwa kunguruma. Kunguruma ni onyo, ni njia yake ya kusema «usinikaribie zaidi, naogopa». Mbwa anayeadhibiwa kwa kuonya hujifunza kuacha kuonya, na siku hofu itakapomzidi atauma pasipo mtu kupata dalili. Kwa sasa mtoto asimwendee kabisa akiwa ndani ya kibanda.

Na ile sura ya kujua kosa inawadanganya wengi. Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz wa Chuo cha Barnard, New York, alichapisha jaribio lililohusisha mbwa 14, ambapo baadhi ya wenye mbwa waliambiwa kwamba mbwa wao amekula kitu alichokatazwa, ilhali hakukigusa. Sura hiyo ilitokea zaidi pale mwenye mbwa alipokaripia, mbwa awe amekosa au hajakosa. Simba alipolaza masikio alikuwa akiisoma hasira ya baba wa nyumba na kujaribu kuituliza.

Ningeanza na mahali pa kujificha. Kama mna stoo, iacheni wazi mawingu yanapotanda, mtandikieni gunia au leso kuukuu yenye harufu yako chini ya meza, na yeye mwenyewe achague kuingia na kutoka. Ukiketi karibu naye na kumsemesha kwa upole hutaizidisha hofu yake, ingawa wengi huamini hivyo. Siku za kiangazi mchezeshee sauti ya radi kwenye simu, chini kabisa, huku ukimpa vipande vya omena, na uongeze sauti kidogo kidogo kwa muda wa wiki nyingi. Akisimamisha masikio na kuacha kula, ujue umekwenda haraka, rudi nyuma.

Mzee wa Luanda, Vihiga

Nawaheshimu wote, lakini mbwa anayebembelezwa hawezi kulinda. Nyumbani kwetu mbwa walilala nje, hakuna aliyewaletea leso, na mwizi hakuthubutu kukanyaga. Mbwa hufungwa mchana ndipo awe mkali usiku.

Nyar Dunga, Kisumu

Shikamoo Mzee. Naomba kukuuliza kwa heshima: mbwa hao wa nyumbani kwenu walikuwa wakifungwa mchana?

Mzee wa Luanda, Vihiga

Marahaba, binti yangu. Nimekaa nikakumbuka, na kwa kweli hawakufungwa. Walitufuata malishoni asubuhi, wakakimbiza panya, wakaingia mtoni nasi, na mchana walilala chini ya mti huku wakimsikiliza mama akipika. Ni usiku tu walipobweka, na walijua nani ni wa kwetu na nani ni mgeni. Mnyororo ulikuja tulipohamia plotini. Sikuwahi kulifikiria jambo hilo kwa namna hii.

Nyar Dunga, Kisumu

Hilo ndilo nililotaka Mama Achieng alisikie kutoka kwa mtu mzima. Mbwa wale walikuwa na kampani, shughuli na harufu mpya kila siku, kwa hiyo ukali wao ulikuwa na mpaka. Mbwa anayekaa peke yake kutwa hana namna ya kujifunza kutofautisha mgeni na mwizi, na bango la «Mbwa Kali» langoni halimfundishi.

Asiye na malisho ampe mbwa pua yake kazi. Mimi humtoa wangu alfajiri kwa kamba ndefu, kabla boda boda hazijajaa njiani, na simharakishi: akitaka kunusa shina moja la mti kwa dakika mbili, nasimama. Jioni nusu ya chakula chake naitawanya kwenye nyasi aitafute. Charlotte Duranton pamoja na huyo huyo Horowitz walichapisha mwaka 2019 utafiti ulioonyesha kwamba mbwa waliofanya mazoezi ya kutafuta kwa pua kwa wiki mbili walikuwa na matumaini zaidi kuliko wale waliofunzwa kutembea kando ya mwenyewe.

Daktari wa Mifugo, Kakamega

Naongeza la afya. Mbwa anapobadilika ghafla, apimwe kwanza, kwa kuwa maumivu ya sikio, funza katika nyayo au homa ya kupe vinaweza kumfanya mpole akang'ata. Zile kucha zisafishwe na zitazamwe. Hakikisheni chanjo ya kichaa cha mbwa inarudiwa kila mwaka, na ikitokea mtu ameumwa, hata kama ni mkwaruzo, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitalini siku hiyo hiyo.

Mama Achieng, Kisumu (wiki tatu baadaye)

Narudi kwenu na shukrani. Daktari alimkuta na usaha katika sikio la kushoto, upande ule ule ambao kijana wangu humshika anapotaka kumpapasa. Amepewa dawa na chanjo imerudiwa. Mume wangu alisoma uzi huu wote usiku mmoja bila kuniambia, na asubuhi nikamkuta anang'oa mabati ya kibanda ili akijenge upya kwa mbao. Mnyororo tumeuondoa, mchana Simba yuko uani nasi, nami nachambua mboga karibu naye.

Alhamisi ilinyesha mvua kubwa. Aliingia stoo mwenyewe, akalala juu ya leso yangu, akatetemeka kwa muda mrefu, lakini hakubweka wala hakuchimba. Kijana alikaa mlangoni, mbali kama tulivyomwagiza, akawa anamrushia omena mmoja mmoja. Zile za kwanza hazikuguswa. Mvua ilipopungua, Simba alinyoosha shingo akala ya nne, halafu akarudi kuzitafuta zile tatu.

Kinachobaki ni siku ya soko, nyumba inapokuwa tupu hadi saa kumi. Siku hiyo bado anachimba. Nifanyeje?

Mfugaji wa Kiamunyi, Nakuru

Anza kwa kutoka dakika mbili tu na kurudi kabla hajahangaika, kisha tano, kisha kumi, na kila utokapo mwachie mfupa mbichi wenye nyama ya kung'wafua, usiwe wa kupikwa kwa sababu huo huvunjika vipande vyenye ncha. Siku ya soko yenyewe, mwachie Simba mlango wa stoo wazi na maji, na mpangaji wa jirani anayelala mchana umweleze mapema kwamba kelele zitapungua polepole. Utuandikie tena mwisho wa mwezi.