Zanzibar hadi Muscat: saa sita kwenda, saa nne kurudi?

Mwana wa Malindi
Assalamu alaikum ndugu zangu. Mama yangu, ambaye hajawahi kupanda ndege na anameza dawa ya sukari kila baada ya saa 12, anakwenda Muscat kumtazama dada yangu aliyejifungua. Tiketi inaonyesha kwamba ataondoka Zanzibar Jumamosi 00:40 na kufika 07:00, ilhali siku ya kurudi ataondoka Muscat 14:30 na kutua nyumbani 18:50. Njia ni ile ile, basi kwa nini kwenda kuchukue saa sita na ushei na kurudi saa nne tu? Umbali wenyewe ni kilomita ngapi, na dawa nimhesabie vipi? Teksi nimeshaiagiza ije Jumamosi baada ya Isha.

Bint Seeb
Waalaikumu salaam. Mimi ninaishi huku Muscat. Saa yetu iko mbele ya Zanzibar kwa saa moja, na kila wakati ulioandikwa kwenye tiketi ni wa mji unaohusika. Ukiondoa saa moja katika safari ya kwenda, na ukaiongeza katika ile ya kurudi, zote mbili zinakuwa saa 5 na dakika 20. Kwa mstari ulionyooka, umbali ni takriban kilomita 3,900. Ndege kubwa ya abiria hukata kiasi cha kilomita 850 kwa saa ikishafika juu, kwa hiyo mwendo wenyewe ni kama saa nne na nusu. Muda uliobaki unatumika kutoka kwenye maegesho, kupanda, kushuka na kwenda kusimama tena, kwani tiketi huhesabu yote hayo. Kuhusu dawa, saa ya mkononi ya mama ibaki na saa za Zanzibar mpaka ameze dozi ya asubuhi: saa moja ya nyumbani ni saa mbili ya huku. Dawa aibebe kwenye mkoba wa mkononi, na daktari wake aulizwe kabla ya safari.

Mzee wa Forodhani
Mwanangu, ibadilishe teksi leo hii. Jumamosi 00:40 ni saa sita na dakika arobaini za usiku wa kuamkia Jumamosi, yaani usiku ule ambao wazee wetu, wanaoanza kuhesabu siku magharibi, huuita usiku wa Jumamosi. Teksi ikija Jumamosi baada ya Isha, ndege itakuwa imekwishaondoka tangu usiku uliotangulia. Mama awe uwanjani Ijumaa saa tatu na nusu usiku.

Mwana wa Malindi
Mzee wangu, shikamoo, na Mungu akujaalie kheri. Nimempigia dereva sasa hivi. Atakuja Ijumaa saa mbili na nusu usiku, na dada nimemwambia awe uwanjani Jumamosi saa moja asubuhi kwa saa za kwao.