Braza ana kilo 152 na anasinzia kwenye usukani, tuanze na puto, sindano au operesheni?

Mdogo Mtu
Wakuu habari zenu, naombeni msaada maana hili jambo limenizidi. Braza wangu ana miaka 41, dereva wa lori Dar kwenda Tunduma, bonge tangu tunakua ila hii miaka mitatu imepitiliza. Zahanati ya mtaani mizani yao inaishia 120 ikagonga mwisho, ikabidi tumpeleke kwa wakala wa mahindi akapande ile ya magunia, watu wanacheka na yeye anacheka nao lakini macho yake niliyaona. Kilo 152, na urefu ni mita 1.64 tu. Magoti yanamuuma, presha wanasema ipo, anakoroma mpaka shemeji kahamia chumba cha watoto. Juzi utingo wake kanipigia anasema walipokuwa wanashuka Kitonga ilibidi awe anampiga kibao cha begani kila dakika asilale. Keshanunua boksi tatu za chai ya kukata kitambi, kaambulia kuharisha tu. Sasa anataka puto, lile linalowekwa tumboni ili mtu ale kidogo. Linafaa kweli?

Chuma cha Pua
Tatizo mdomo tu mkuu. Ugali wa saa sita usiku na bia mbili unategemea nini? Aamke saa 11 akimbie, mambo ya puto ni ya wenye hela.

Nesi wa Zamu
Chuma, mtu wa kilo 152 unamwambia akimbie na hayo magoti? Kila kilo unayopunguza goti linapumzika kama kilo nne kwa kila hatua, sasa piga hesabu ya kinyume uone linabeba nini akikimbia. Na mwili ukishazoea uzito mkubwa unautetea, ukila kidogo njaa inapanda na mwili unaanza kubana matumizi, ndo maana wengi wanapungua halafu unarudi wote, wala si uzembe.

Mdogo Mtu, achana na puto kwanza. Huko kusinzia ndo kwa haraka. Akilala, mafuta ya shingoni yanaibana njia ya hewa, pumzi inakata sekunde 10 au zaidi, ubongo unamshtua, hapo ndo utasikia kakaa kimyaaa halafu anavuta hewa kama mtu aliyetolewa majini. Inajirudia usiku kucha, kwa hiyo hata akilala masaa nane hajalala. Hiyo hiyo inapandisha presha na kuchosha moyo. Shemeji amrekodi kwa simu usiku, muende nayo kwa daktari, na mpaka hapo asiguse usukani, namaanisha kabisa. Kuna mashine ya kusukuma hewa kwa maski, wengi wanaona tofauti siku chache tu baada ya kuanza.

Presha nayo irudiwe kwa mkanda mpana, maana ule wa kawaida kwenye mkono mnene unatoa namba kubwa kuliko ukweli. Na apimwe sukari, kile kipimo kinachoonyesha wastani wa miezi mitatu, na ini. Hiyo chai itupeni, nyingine zilishakutwa zimechanganywa sibutramini kimyakimya, dawa ya kukata hamu ya kula iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya moyo.

Mama Kiduchu
Naongea kama mtu aliyepitia. Mimi nilikuwa na 139. Nilianza na puto, linaingizwa kwa mpira kupitia mdomoni halafu wanalijaza maji yenye rangi, ukiona mkojo wa bluu ujue limepasuka ukimbie hospitali. Siku nne za mwanzo nilitapika mpaka nikajuta kuzaliwa. Baada ya miezi sita linatolewa, nilipungua kilo 14, mwaka haujaisha kumi zimerudi. Ndo nikafanya operesheni, wanakata tumbo la chakula wanatoa kama asilimia 80 linabaki kama ndizi, kwa matundu madogo tu. Sasa nina 88. Ila msidanganywe ni njia ya mkato, vidonge vya vitamini nameza mpaka leo, nikila haraka narudisha, na nyongo ilinitengenezea mawe kwa kupungua mbio. Ngozi ya mikono inaning'inia kama mikono ya kanzu, sijali.

Kwa hesabu ya braza wako, kilo kugawa kwa urefu mara urefu, anakuja 56 na kitu. Kuanzia 40 ndo unene wa hatari. Kwa mtu wa 56 puto mara nyingi ni daraja tu la kumpunguza ili operesheni iwe salama. Nendeni hospitali ya Mloganzila, puto wanaweka, mkawaulize na hayo mengine.

Kidumu
Na zile sindano za kupunguza uzito, za kila wiki, za wazungu je?

Nesi wa Zamu
Semaglutaidi inapunguza wastani wa asilimia 15 ya uzito kwa mwaka na kidogo, taizepataidi kama 20. Zinafanya kazi. Shida bei, na ukiacha uzito mwingi unarudi. Msinunue za kwenye magrupu ya WhatsApp jamani, hujui kilichomo.

Mdogo Mtu
Mrejesho wakuu. Shemeji alimrekodi, tukahesabu wenyewe kimya kimoja kilifika sekunde 31, braza alipojisikia akanyamaza, akamtafuta bosi wake mwenyewe akaomba akae yadi kwanza. Daktari kasema mashine ya hewa kwanza, operesheni tutazungumza baadae. Presha kwa mkanda mkubwa ipo kweli ila si ile waliyotutisha nayo. Shemeji anauliza, hiyo mashine inakula LUKU kiasi gani?

Mama Kiduchu
Ukizima ile sehemu ya kupasha maji haili sana, mwambie shemeji arudi chumbani kwake.