Naomba ushauri: UPS ya onlaini au oflaini kwa steshenari yangu?

Wakuu habari za mchana, niko Mbeya, Mwanjelwa hapa, nina kasteshenari kadogo, desktop mbili, ruta na printa ya leza. Sasa mvua zikianza na zile radi zetu umeme unacheza balaa, taa inafifia inarudi, juzi power supply moja imeungua nikiwa katikati ya kazi ya mteja, nilichoka kabisa. Ndo nataka UPS, kile kiboksi cha betri kinachoshikilia kompyuta umeme ukikatika.

Fundi mmoja ananiambia nichukue oflaini kwa vile ni bei rahisi, ila ninavyoelewa hiyo inapitisha umeme wa ukutani kama ulivyo, ukikatika ndo inahamia betri, kama milisekunde 4 mpaka 10 hivi, na kompyuta nyingi hata hazishtuki. Shida yangu mimi sio kukatika tu, ni huku kupanda na kushuka! Onlaini inabadili umeme kwenda DC (kama wa betri) halafu inaurudisha AC (kama wa ukutani) muda wote, hakuna kuhama, umeme unatoka umetulia, ila bei sasa jamani, na feni inavuma siku nzima.

Kuna ile ya katikati, line interactive yenye AVR, inarekebisha volti bila kugusa betri. Kwa ukubwa wa 1000VA itanitosha hiyo au najidanganya? Printa najua haichomekwi humo, leza inavuta moto mwingi ikianza kupasha.

Aliyewahi kutumia huku nyanda za juu anisaidie, betri kwako zimedumu miaka mingapi?