Wauza vifaa vya skuba na mainstrakta, mnatuuzia urembo halafu usalama tujitafutie wenyewe?

Wakuu, leo nimekereka kwelikweli kwa hiyo lugha ikiwa kali mnivumilie.

Hivi kwa nini mtu akisema anataka vifaa vyake vya kuzamia anaulizwa bajeti na rangi, hakuna anayemuuliza anazama maji ya aina gani, kina gani, na nani? Anaondoka na jaketi, lile la kujaza hewa ili uelee, lenye mifuko kibao, kompyuta ya mkononi yenye mpaka dira, kisu cha mguuni kama anaenda kuchinja ng'ombe, halafu okto, yaani ile regyuleta (kifaa cha mdomoni cha kuvutia hewa ya mtungi) ya akiba ambayo ndo itamwokoa mwenzake, inaning'inia chini ya kiuno inalima mchanga! Siku mwenzake akiishiwa hewa ataipapasa wee, na akija kuipata imejaa mchanga au inamwaga hewa hovyo. Okto inakaa kifuani, kati ya kidevu na mbavu, imebanwa na kitu kinachoachia ukivuta. Kibanio chenyewe ni kitu kidogo tu, labda ndo maana hawakitaji, hakina faida.

Na msinianzishie ile ligi ya paipu ndefu. Naujua huo mpangilio, ulitoka kwa wazamiaji wa mapangoni kule Florida, paipu ya futi 7 ili watu wawili wapite sehemu nyembamba mmoja nyuma ya mwenzake huku wakigawana hewa. Unampa mwenzako ile ya mdomoni, wewe unachukua ya akiba iliyofungwa na mpira shingoni. Mimi naukubali, tena sana, maana mtu akipaniki mara nyingi anarukia ile ya mdomoni kwako, anaiona kabisa inatoa hewa. Kwa bahari ya kawaida hata ya futi 5 inayopita chini ya kwapa inatosha. Kinachonichosha ni nyie mnaowatukana wenye jaketi kana kwamba wamekufuru, wakati ninyi wenyewe mwenzenu hajui hiyo paipu inatokaje maana hamjamwonyesha kabla ya kuingia majini. Mpangilio anaoujua mmoja tu una faida gani?

Sasa kile kichupa kidogo cha dharura, kile cha kushika mkononi, hapo ndo napandwa na mori. Tupige hesabu. Kichupa cha nusu lita kasoro, presha ya bar 200, kina kama lita 80 za hewa. Uko mita 30, presha bar 4, mara nne ya huku juu. Mtu mwenye hofu akivuta lita 30 kwa dakika huku juu, kule chini ni lita 120. Kwa hiyo una sekunde 40 hivi, na kupanda kwa mita 9 kwa dakika ni zaidi ya dakika 3, bado hujasimama pale mita 5, kile kituo cha usalama kabla ya kutoka majini. Mnamwambia mteja "hiki kitakuokoa" kwa hesabu ipi? Akitaka akiba ya kweli mpeni mtungi wa lita 3 wenye regyuleta yake, huo una lita 600, anafika juu akiwa na akili zake.

Ila hayo yote naweza kumeza. Ambalo halimezeki ni uzito. Mainstrakta wanawafunga wanafunzi kilo 3, 4 za ziada kwenye mkanda wa vyuma vya uzito ili wazame haraka na wakae wamepiga magoti, kazi iwe rahisi. Kila kilo ya ziada inadai kama lita moja ya hewa kwenye jaketi ili usizame kama jiwe. Lita 4 ukiwa mita 10 zinakuwa lita 8 ukifika juu, maana presha imepungua nusu, na ndo hapo mtu anaanza kupaa bila kutaka, anahangaika na kitufe cha kutoa hewa, miguu iko chini anapiga mateke matumbawe, hewa inaisha kabla ya wenzake halafu anaambiwa "una mapafu makubwa". Mapafu makubwa wapi, mmemfunga vyuma!

Ni kweli mtungi wa alumini unakuwa mwepesi mwishoni, hewa yenyewe ina uzito, kutoka bar 200 hadi 50 kwa mtungi wa lita 11 unapoteza kama kilo 2. Basi mpime akiwa na bar 50, mita 5, jaketi tupu, akibaki pale pale bila kupanda wala kushuka huo ndo uzito wake. Ni dakika chache tu. Na akibadili suti au mtungi, mpimeni upya, siyo kumkaririsha namba moja maisha yake yote.

Kama kuna instrakta humu anayefunga watu kilo za ziada na anaona niko nje ya mstari, aje ajibu. Ila aje na hesabu, siyo "tumefundisha hivi miaka yote".