Tupeane uzoefu: shanta jepesi la kupandia milima, lililokudumia au lililokuaibisha

Kisigino (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Naanza mimi, ili msione haya kuleta yenu.

Shanta langu la kwanza nililichagua kwa mizani. Nilisimama dukani nasoma vibandiko, nikaondoka na lililoandikwa gramu 680. Lita 50, halina fremu (zile fimbo za kulisimamisha mgongoni), kitambaa chembamba hadi ukitia mkono ndani unaona kivuli cha vidole. Nikajiona mjanja, maana lile nililokuwa naazima lilikuwa na kilo mbili na ushei.

Sikujiuliza nitapakia nini humo. Safari ilikuwa ya siku nne. Hema la zamani, blanketi zito, maji lita nne (na lita ya maji ni kilo moja, hapo hakuna ujanja), jumla kilo 16. Saa mbili tu njiani, shanta likajikunja katikati kama gunia lililoegemezwa ukutani. Mkanda wa kiunoni, ambao ulikuwa utepe tu usio na sponji, ukapanda tumboni, uzito wote ukahamia mabegani. Siku ya pili vidole vya mkono wa kushoto vikaanza kufa ganzi. Siku ya tatu mkanda wa bega ukaanza kung'oka. Kitambaa chenyewe kilikuwa kizima. Yale matundu ya sindano ndiyo yalikuwa yanaungana moja baada ya jingine, kama stempu inavyochanika. Nilimaliza safari nimelifunga kwa kamba ya hema.

Sasa nauliza: lako lina uzito gani, umelitumia muda gani, na lilianzia wapi kuharibika? Hilo la mwisho ndilo nalitaka zaidi.

Sindano Nene

Mkuu, umenigusa penyewe. Mimi nashona mabegi, kwa hiyo nayapokea yakiwa yameshakata roho. Nadra sana kuletewa shanta lililochanika katikati ya kitambaa. Yanakufa kwenye maungio: shina la mkanda wa bega, pembe za chini, nyavu za pembeni za kuwekea chupa, na zipu.

Kwa hiyo dukani usianze kusifia rangi. Ligeuze, chungulia ndani. Tazama ukingo wa kitambaa uliobaki nyuma ya mshono: ukiwa mwembamba kama utambi, na nyuzi zimeshaanza kuchambuka likiwa bado jipya, rudisha. Zuri lina utepe uliofunika ukingo huo wote. Kisha fuata kila mkanda hadi unapoingia mwilini mwa shanta. Pale panatakiwa pawe na mshono mzito, sindano imekwenda na kurudi mara nyingi mahali pamoja, kama kibonge kidogo cha uzi. Mkanda ulioshonwa mstari mmoja ukapita, huo ndio uliokuaibisha wewe.

Halafu hizi namba za denia, watu wanazisoma vibaya. Denia ni uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Basi. 210 ni uzi mnene kuliko 70, lakini namba haikwambii uzi ni wa kitu gani. Nailoni inastahimili kusuguliwa kuliko poliesta ya unene uleule. Poliesta nayo hainywi maji sana wala hailegei ikilowa, na jua inalivumilia vizuri zaidi. Dyneema, aina nyingine ya uzi wa kiwandani, ni habari nyingine kabisa: uzi mwembamba wake unaushinda uzi mnene wa nailoni kwa nguvu, na bei yake inakujulisha hivyo mapema. Na kile kitambaa chenye vijimraba hakizuii tundu, mjue. Kinazuia tundu lisikimbie.

Mimi nikiulizwa nasema hivi: chini, mahali shanta linapokaa kwenye mawe, pawe na denia 210 kwenda juu. Ubavuni unaweza kushuka. Nyavu za pembeni, ukipata za kitambaa kizima badala ya wavu, chukua. Wavu mmoja ukinaswa na mwiba, chupa mnaagana.

Mama Miinuko

Jamani mbona mnaanza na kitambaa? Anzeni na mgongo.

Mimi ni mrefu, nikaenda kichwakichwa kununua saizi kubwa. Miezi minane natembea na mikanda inaelea juu ya mabega, nadhani ndivyo ilivyo. Kumbe urefu wangu wote uko miguuni! Kuna dada mmoja tuliyekuwa naye safarini akanipima kwa utepe wa fundi cherehani. Unainamisha kichwa, unapapasa ule mfupa unaojitokeza shingoni nyuma. Hapo ndipo mwanzo. Kisha unashika kiuno, vidole gumba vikielekea nyuma, juu ya mifupa ya nyonga, na mstari unaopita kati ya vidole gumba ndio mwisho. Mimi nilikuwa sentimeta 43. Shanta nililovaa lilikuwa la 51.

Nilipopata la kipimo changu, lilikuwa zito kuliko la kwanza kwa gramu 300, na niliapa ni jepesi zaidi. Mkanda wa kiunoni ukikaa juu ya mifupa ya nyonga, si tumboni kama wa mwanzisha uzi, ndio unaobeba sehemu kubwa ya mzigo. Mabega yanazuia tu shanta lisirudi nyuma.

Jambo jingine: shanta tupu linamkaa vizuri kila mtu. Dukani omba vitu vizito, jaza kilo nane au kumi, tembea, panda ngazi kama zipo, inama ufunge kamba za viatu. Muuzaji akinuna, anune.

Kobe wa Mwisho

Nimeweka kambi hapa, nasoma.

Gramu Moja

Naona mnapiga vita mashanta yasiyo na fremu. Mimi natumia la gramu 540, mwaka wa nne huu, na halijaninyima usingizi. Tofauti ni kwamba mzigo wangu wote, maji yakiwemo, hauzidi kilo nane. Godoro la sponji nalikunja liwe bapa, nalisimamisha upande wa mgongoni, ndiyo fremu yangu hiyo.

Na kumbukeni Emma Gatewood. Mwaka 1955, akiwa na miaka 67, alitembea njia yote ya Appalachian Trail kule Marekani, zaidi ya kilomita 3,000, na mfuko aliojishonea mwenyewe, kautupia begani. Hakuwa hata na hema.

Mama Miinuko

@Gramu Moja sikatai, ila umejijibu mwenyewe, "hakuwa hata na hema". Watu wanaiga mfuko wake halafu wanapakia nyumba nzima.

Mzigo wa Mwenzio

Kwenu ni kanda la usufi, najua. Lakini mimi nina shanta la kilo 2.4, miaka 14 sasa, nailoni nene, na siliachi. Limeburuzwa juu ya mawe, limekaliwa, mbwa amelilalia. Mshono haujaachia hata mmoja.

Kilichoniangusha ni utando wa ndani. Nilirudi safari moja ya mvua, nikalikunja bichi nikalisukumia kabatini, nikalisahau kwa miezi mingi. Nilipofungua kabati nilidhani panya amefia humo. Ndani kunanata kama gundi, na vipande vyeupe vinabanduka vinashika nguo. Niliambiwa ndivyo ule utando wa poliuretani unavyooza unyevu ukiuingia. Nikausugua wote nikautoa, sasa kitambaa kinapitisha maji kama chujio, lakini shanta bado linabeba.

Sindano Nene

Hiyo harufu naijua, wateja wakiingia nayo nafungua dirisha kwanza. Shanta lianikwe kivulini likauke hadi kwenye sponji za mikanda, ndipo lihifadhiwe, tena likiwa halijabanwa. Na msilitie kwenye mashine ya kufulia. Maji ya uvuguvugu, sabuni laini, brashi ya mswaki kwenye zipu.

Zipu isiyofunga vizuri mara nyingi meno yake ni mazima. Kilicholika ni kichwa chake. Kwa muda, kibane kidogo kwa koleo, upande mmoja kisha wa pili, polepole. Ukikibana kwa hasira kinapasuka na kazi inakuwa yangu.

Kobe wa Mwisho

Swali la mgeni: mvua je? Ninunue lile koti la shanta?

Gramu Moja

Linafunika kila mahali isipokuwa mgongoni, na maji yanapita hapohapo yakifuata mikanda. Upepo mkali nao unalichomoa. Langu la mwisho nililiona likishuka bondeni lenyewe, zuri kweli, kama mwavuli. Siku hizi natia mfuko mkubwa wa plastiki mgumu ndani ya shanta, nguo na blanketi vinakaa humo, nausokota mdomo. Nje palowe tu.

Kisigino (mwanzisha uzi)

Wakuu, mmenifundisha mengi. Ngoja nimalizie kisa changu.

Baada ya ile aibu nilitandika kila kitu sakafuni, nikapima kimoja kimoja kwa mizani ya jikoni na kuandika. Sufuria mbili za nini? Suruali tatu? Nilipomaliza kupunguza na kubadilisha hema, nikabaki na kilo 11 pamoja na maji. Ndipo nikaenda kutafuta shanta, la mwisho kununuliwa. Nilitoka na la kilo 1.2, lita 45, lina fimbo mbili za alumini mgongoni na kiuno cha sponji. Mwaka wa tatu huu. Vidole havijafa ganzi tena.

Kilichovunjika ni klipu ya mkanda wa kifuani tu, niliikanyaga mwenyewe gizani nikitafuta tochi. Sasa hivi nimefunga fundo.

Sindano Nene

Fundo la nini, mkuu? Klipu inauzwa peke yake, na ipo aina isiyohitaji hata kufumua mshono. Pima upana wa mkanda, usikisie: milimita 20 au 25?

Kisigino (mwanzisha uzi)

Nimepima. Ishirini.