Mjadala: Parokia inayopoteza waamini ianze na jumuiya au na Misa ya Jumapili?

Benchi la Nyuma: Misa tatu za Jumapili na zote nusu tupu. Vijana wakishapakwa krisma ya kipaimara ndiyo kwaheri. Nguvu zikiwa chache, tuanzie jumuiya ndogo ndogo, yaani vikundi vya familia jirani vinavyosali pamoja, au Misa yenyewe? Mimi nasema jumuiya. Misa tumeshaifanya tamasha la kwaya.

Hatua Saba: Jumuiya, ila si hizi za kukusanyia michango. Ikizidi familia 15 igawanywe, la sivyo wasemaji ni walewale wanne. Kisha fuateni hatua zote saba za kushirikishana Neno la Mungu: kumkaribisha Bwana, kusoma, kila mtu kutamka neno lililomgusa, kimya, kushirikishana, kuamua tendo moja la wiki, kusali. Mambo huharibika hatua ya sita. Mwenyekiti anairuka anakimbilia matangazo, na tangazo la kwanza ni deni la fulani mbele ya jirani zake. Wiki ijayo fulani haji. Habari za fedha zipewe siku moja kwa mwezi, na mwenye deni afuatwe faragha.

Sauti ya Tatu: Samahani, "tamasha la kwaya"? Watu wanafanya mazoezi mara mbili kwa wiki bila malipo, halafu mtu anayeingia kanisani injili ikisomwa anawaita wasanii?

Benchi la Nyuma: Wakati wa kuingia kwangu hauhusiani. Wimbo wa "Mtakatifu" wa dakika sita, waamini wamesimama kama abiria wanaongoja basi. Hiyo ni ibada ya nani?

Mpiga Kinanda: Hapo Benchi la Nyuma ana hoja hata kama ana mdomo. Musicam Sacram, hati ya Vatikani ya 1967 kuhusu muziki wa ibada, namba 16, inakataa kabisa kwaya kuachiwa nyimbo zote huku watu wakinyamaza. Na dawa ni ya kiufundi. Shusha ufunguo: waamini wengi hawapandi zaidi ya re ya juu, na ukiupandisha ili sauti ya kwanza ing'are, wanaume wote wanafunga vitabu. Misa moja ya kuimba, yaani kuanzia "Utuhurumie" mpaka "Mwanakondoo", ishikwe miezi mitatu bila kubadilishwa. Wimbo mpya usizidi mmoja kwa mwezi, kiitikio kifundishwe dakika tatu kabla ya Misa. Na zimeni maikrofoni za kwaya kwenye "Mtakatifu", abaki nayo kiongozi tu. Mtu haimbi asipomsikia jirani yake anaimba.

Sauti ya Tatu: Kwa hiyo tukae bubu?

Mpiga Kinanda: Shukrani baada ya komunyo ni yenu, imbeni sauti nne mpaka bati litikisike.

Katibu Halmashauri: Tusizunguke. Haya yote yapitishwe na halmashauri ya parokia. Kanuni 536 ya Sheria za Kanisa inamfunga paroko atekeleze.

Kanuni Mkononi: Mkuu, isome tena. 536 ni baraza la kichungaji, ndiyo hiyo halmashauri yako: huundwa askofu akiona linafaa, na kura yake ni ya ushauri tu. La lazima ni la uchumi, 537.

Katibu Halmashauri: Basi walei ni mapambo. Asante kwa kutufungua macho.

Kanuni Mkononi: Sijasema hivyo, usinilishe maneno. Ushauri wenye takwimu haupuuzwi kirahisi. Hesabuni watu mlangoni Jumapili nne mfululizo, kila Misa peke yake, msichague siku ya sherehe. Nusu tupu mara tatu ni hoja ya kubaki na Misa mbili.

Katibu Halmashauri: Na wazee wa Misa ya alfajiri waende wapi? Umewahi kuwaza hilo au unawaza kanuni tu?

Katekista: Mnagombania nota na kanuni, daftari la kipaimara hakuna aliyelifungua. Toeni majina ya miaka mitatu iliyopita, mwape viongozi wa jumuiya watie alama anayeonekana na asiyeonekana. Wasioonekana watembelewe na watu wawili, mmoja kijana, bila bahasha wala daftari la zaka. Swali liwe moja: unahitaji nini? Kanuni 528 inamtaka paroko awatafute walioacha, haisemi awangoje. Na kila mmoja apewe kazi ya kweli kabla krisma haijakauka: kusoma somo, mitambo ya sauti, kufundisha watoto. Semina mumpe baadaye.

Sauti ya Tatu: Waleteni kwaya, nafasi zipo.

Mpiga Kinanda: Bila usaili, na msiwadai sare miezi sita ya mwanzo. Sare ndizo zinazowafukuza.

Sauti ya Tatu: Sare tena! Sare zina kosa gani?

Benchi la Nyuma: Zipo seti ngapi kwa mwaka? Tuanzie hapo.