Mjadala: Mkono uliopiga sauti iliyomo kwenye kinanda unadai chochote?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Juzi nilikuwa harusini. Kijana mmoja na kinanda kimoja anatoa fidla, kanuni, akodiani na ngoma zote. Watu wamecheza hadi viatu vimevuliwa. Mimi nimekwama kwenye swali: ile fidla kapiga nani? Maana haikutengenezwa na umeme mtupu. Kuna mtu alikaa mbele ya maikrofoni akavuta upinde, sauti ikanaswa, na sasa kila kijana akibonyeza, upinde ule unavutwa tena. Mwenyewe yuko wapi?

Babu wa vinanda hivi ni Fairlight CMI, iliyotoka Sydney, Australia, mwaka 1979. Waliounda ni Peter Vogel na Kim Ryrie. Jina walilichukua kwenye boti iliyokuwa ikipita bandarini kwao. Ilikuwa kabati la kompyuta, kioo cha kijani, kalamu ya mwanga ya kuchorea mawimbi ya sauti, na kibodi. Ilinasa sekunde moja hivi tu, ikapiga sauti nane kwa pamoja, na Uingereza iliuzwa kwa zaidi ya pauni 10,000. Mwanamuziki Peter Gabriel alikuwa wa mwanzo kuinunua huko, akaanza kuilisha matofali na vioo vinavyovunjwa. Kate Bush naye vioo vyake mnavisikia kwenye "Babooshka" ya 1980.

Kioo hakidai mtu. Lakini sikieni hili: Vogel alipokuwa anajaribu kunasa sauti mwaka 1978, alichukua sekunde moja ya piano iliyokuwa ikipigwa redioni. Hakuiomba kwa mtu. Kisha kwenye diski za mashine ile kukawa na sauti iitwayo ORCH5: okestra nzima, pigo moja, limenyofolewa kwenye rekodi ya "Firebird" ya Stravinsky. Pigo hilo ndilo mnalolisikia kwenye "Planet Rock" ya Afrika Bambaataa, 1982, na baadaye kila mahali. Wale wapiga fidla na matarumbeta walishalipwa siku yao, wakafunga mikoba, wakaenda nyumbani.

Msimamo wangu: anayepiga ili sauti yake iwekwe ndani ya chombo cha kuuzwa, apate fungu kwa kila chombo kinachouzwa. Si ujira wa siku moja. Naomba kuwasilisha.

Prodyuza, Mwanza

Mkuu, hapa umechemka. Seremala anayechonga marimba halipwi kila marimba inapopigwa. Sauti moja si wimbo. Wimbo ni nilichofanya mimi na ile sauti. Ukiweka tozo kwenye kila noti, atakayeumia si kampuni kubwa, ni dogo wa Buhongwa mwenye kompyuta ya mtumba.

Halafu kelele hizi ni za zamani. Mwaka 1982 tawi la London ya kati la chama cha wanamuziki cha Uingereza lilileta hoja ya kuzuia sintesaiza na mashine za ngoma, eti zinawala mkate. Phil Collins naye mwaka 1985 akaandika kabisa kwenye jalada la albamu yake kwamba humo hamna Fairlight, kama mtu anayeapa hajaweka maji kwenye maziwa. Iko wapi leo? Fidla zipo, mashine zipo.

Mleta mada

Seremala hayumo ndani ya marimba, ndugu yangu. Hiyo ndiyo tofauti. Sijasema mashine ipigwe marufuku, mimi mwenyewe nimelea watoto kwa kinanda.

Mkereketwa wa sheria, Mombasa

Nyote mnaongea kama sheria haipo. Ipo, shida ni kwamba inajigonga yenyewe. Marekani, mahakama moja ya rufaa ilisema mwaka 2005 kwamba ukinyofoa rekodi ya mtu, hata sekunde mbili za gita, kapate kibali. Mwaka 2016 mahakama nyingine ya ngazi hiyo hiyo, kwenye kesi ya "Vogue" ya Madonna, ikasema pigo la tarumbeta la sekunde 0.23 ni dogo mno, hakuna kosa. Kwa Ulaya, Kraftwerk, bendi ya Ujerumani, walishtaki kwa sekunde kama mbili za wimbo wao wa 1977 zilizotumiwa 1997. Mahakama ya Umoja wa Ulaya ikatoa uamuzi wake 2019: mwenye rekodi anaweza kuzuia hata kipande kidogo, ila kama kimegeuzwa hadi sikio halikitambui.

Mleta mada, angalia neno hilo: mwenye rekodi. Mara nyingi huyo ni aliyegharamia studio. Hata ukishinda, hela inakwenda kwa mwenye mkanda. Kwa hiyo pigania mkataba kabla hujakaa mbele ya maikrofoni. Ukishainuka, umechelewa.

Mchangiaji, Bujumbura

Mimi nacheka mnapoanzia 1979. Ngoma zetu za Burundi zilirekodiwa miaka ya sitini zikatoka kwenye santuri ya Ocora, lebo ya Ufaransa. Mwaka 1971 zikawekewa piano na gita juu, zikauzwa Ulaya kama "Burundi Black". Mwaka 1975 mwimbaji Joni Mitchell akazizungusha chini ya "The Jungle Line". Kwa mkanda tu, hakukuwa na kinanda chochote cha kunasa. Miaka kumi baadaye mama huyo huyo ndipo akashika Fairlight, na safari hiyo akanasa mashine ya kuuzia sigara. Afadhali.

Na Gabriel msimtie kwenye kapu moja na wengine. Mwaka 1982, kwenye WOMAD ya kwanza, tamasha la muziki wa dunia aliloshiriki kulianzisha, huko Shepton Mallet, Uingereza, wapiga ngoma wa Burundi walisimama jukwaani wenyewe, kwa miguu yao. Tamasha lilileta hasara mpaka Genesis, bendi yake ya zamani, wakarudiana naye kwa onyesho moja kulipa madeni. Mtu mwenye Fairlight nyumbani, bado aliwaita wenye ngoma.

Prodyuza, Mwanza

Sawa, lakini huyo alikuwa na hela za kuwaita. Mimi nikitaka fidla ya taarabu saa nane usiku Mwanza namwita nani?

Mpiga fidla, Unguja

Mimi, mwanangu, ungeniita mimi, ingawa saa nane ningekutukana kwanza.

Nimesoma yote. Miaka kumi na kitu iliyopita alikuja kijana wa studio akaniambia nimpigie noti moja moja, chini mpaka juu, ndefu na fupi. Siku nzima. Mkono uliniuma hasa, maana noti moja haina wimbo wa kukubeba. Akanipa elfu ishirini na chai. Sikusaini kitu. Baadaye nikaenda arusi moja Chwaka, nikakaa nyuma na wenzangu, nikajisikia. Nikamwambia mwenzangu, huyo mimi. Akasema umezeeka.

Sikukasirika. Kilichoniuma ni kuwa anavyoipiga siyo. Anairuka pale pa kuteleza kidole, kwa sababu mashine haina kidole. Sasa watu wanajua hivyo ndivyo ninavyopiga.

Prodyuza, Mwanza

Shikamoo mzee. Zile sauti za taarabu zinazozunguka kwenye flashi? Ninazo. Ni fidla ipi kati ya zile?

Mpiga fidla, Unguja

Marahaba. Namba sizijui. Tafuta ile ambayo noti ya juu kabisa ina mkwaruzo mwanzoni. Ilikuwa magharibi, upinde nilikuwa sijaupaka ulimbo tena, na kijana akasema hiyo hiyo inatosha.

Prodyuza, Mwanza

Nimeipata, mzee. Mkwaruzo upo. Nimeitumia kwenye nyimbo nne.